Jibu la Waziri Likishaandikwa, Nani Hulirudia?

Yeyote anayefuatilia vikao vya Bunge kule Dodoma anaweza kuikamilisha sentensi hii kabla Naibu Waziri hajaimaliza: “Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge, lenye sehemu (a) na (b), kama ifuatavyo.” Kinachofuata nacho kinajulikana. Barabara itajengwa kwa kiwango cha lami baada ya kukamilika kwa upembuzi yakinifu na usanifu wa kina. Kituo cha afya kitapatiwa watumishi kadri vibali vya ajira vitakavyotolewa. Maji yatafika kijijini kulingana na upatikanaji wa fedha. Mbunge husimama kwa swali la nyongeza, hushukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, kisha humwomba Waziri waongozane jimboni akajionee kwa macho yake. Waziri hukubali, na Hansard huandika neno moja ndani ya mabano: Makofi. Siku inayofuata ni zamu ya jimbo jingine, na ile barabara ya jana haitajwi tena mpaka mbunge yuleyule apate nafasi nyingine, pengine mwaka ujao, ambapo ataambiwa kwamba usanifu wa kina unaendelea.

Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Bunge uwezo wa kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ni uwezo mpana, na watu wamezoea kusema kwamba unapotea bure kwa sababu majibu ni mepesi. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, ila haigusi panapouma. Majibu ya serikali ni mepesi karibu kila penye bunge, kwa sababu afisa anayeyaandika amebeba kazi mbili kwa wakati mmoja: kusema kweli na kumkinga waziri wake. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba jibu lililoandikwa, lenye tarehe na jina la waziri, lina thamani kubwa hata likiwa jepesi, mradi awepo mtu wa kulirudia baada ya miezi sita au miaka sita na kuliweka kando ya yale yaliyotokea. Mabunge yaliyofaidika na maswali ya maandishi hayakujaliwa mawaziri wakweli kuliko wetu. Yalijaliwa kumbukumbu, na watu wenye subira ya kuisoma.

Desturi yenyewe tuliirithi London, na huko haikuanza kwa nia njema hata kidogo. Swali la kwanza linalokumbukwa liliulizwa na Earl Cowper katika Bunge la Mabwanyenye mwaka 1721, wakati wa kashfa ya Kampuni ya South Sea, mhasibu wa kampuni hiyo alipokuwa ametorokea ng’ambo na watu wakitaka kujua kama amekamatwa. Karne mbili karibu zikapita maswali yakiulizwa na kujibiwa kwa mdomo. Mwaka 1902 Arthur Balfour, kiongozi wa Serikali katika Bunge la Makabwela, akiwa amechoshwa na namna wabunge, wa Ireland hasa, walivyokuwa wakiila saa ya Serikali kwa maswali, alibadili kanuni ili maswali mengine yajibiwe kwa maandishi na kuchapwa tu. Lengo lilikuwa kuokoa muda wa mawaziri. Kilichotokea ni kwamba wabunge walipewa chombo kisichohitaji zamu ya kusimama wala jicho la Spika, na ambacho hakizimwi na kelele za upande wa pili. Leo maswali ya maandishi katika Bunge la Makabwela hufika makumi ya maelfu kwa mwaka. Mbunge anaweza kutaja siku anayotaka jibu, ingawa kwa maswali ya aina hiyo amewekewa kikomo cha matano kwa siku. Tangu 2014 kila swali na jibu lake hutundikwa mtandaoni, tarehe lilipotakiwa ikiwa kando ya tarehe lilipotolewa, kiasi kwamba wizara mvivu hujulikana kwa kutazama tu. Kamati ya Kanuni ya Bunge hilo huzikusanya takwimu za ucheleweshaji na kuwaita mawaziri ambao wizara zao zimezidi.

Mfano unaoonyesha vizuri nguvu na mipaka ya chombo hiki hauko mbali nasi. Kilomita zipatazo 640 mashariki mwa pwani ya Tanzania kuna kisiwa cha matumbawe kiitwacho Aldabra, makao ya kobe wakubwa wanaohesabiwa kwa makumi ya maelfu. Novemba 1965 Uingereza ilikimega kutoka Shelisheli, pamoja na visiwa vingine, ikaunda koloni jipya iliyoliita Himaya ya Uingereza ya Bahari ya Hindi, na haukupita muda jeshi lake la anga likataka kujenga hapo uwanja wa ndege za kivita. Mbunge mmoja wa Scotland, Tam Dalyell, aliyeingia Bungeni mwaka 1962, alianza kuuliza. Aliuliza makumi ya maswali, moja baada ya jingine, juu ya gharama, juu ya viumbe wa kisiwa, juu ya nani ameshauriwa na nani hakushauriwa. Dalyell alikuwa mbunge wa Labour, na Serikali aliyokuwa akiibana ilikuwa ya Labour. Waziri wa Ulinzi, Denis Healey, alikuwa mwenzake wa chama. Wanasayansi, wakiwemo wa Royal Society, walimpa hoja, naye akazigeuza kuwa maswali ambayo wizara haikuweza kuyakwepa bila kuacha alama kwenye karatasi. Novemba 1967 mpango ukafutwa.

Haki inadai tuseme kwamba mpango haukuuawa na maswali peke yake. Mwezi huohuo Uingereza ilishusha thamani ya pauni, fedha zikakauka, na uwanja wa ndege katikati ya bahari ukawa kitu cha kwanza kukatwa. Lakini mipango mingi ya kijeshi ilikuwa ghali, na si yote iliyokuwa imeanikwa hivyo mbele ya umma wakati wa kupunguza matumizi ulipofika. Mwenye kukata hukata kwanza kile ambacho tayari kina maswali. Aldabra ilirudishwa Shelisheli mwaka 1976, na tangu 1982 ni Urithi wa Dunia.

Sasa tazama upande wa pili wa koloni hilohilo. Humo mlikuwamo pia visiwa vya Chagos, na huko suala halikuwa kobe. Waliishi watu, kati ya elfu moja na mia tano na elfu mbili hivi, wenye makaburi ya babu zao na kanisa lao. Marekani ilitaka Diego Garcia, kimojawapo cha visiwa hivyo, kiwe tupu. Maofisa wa London wakaamua kwamba wakazi wale waelezwe kuwa ni vibarua wa mikataba waliotoka Morisi na Shelisheli, watu wa kupita, na nyaraka zilizofunuliwa miongo mingi baadaye zinaonyesha kwamba walijua wanachokifanya: walitaka ionekane hakuna mkazi wa kudumu, ili Umoja wa Mataifa usije ukadai haki zao. Kati ya 1968 na 1973 wote wakaondolewa. Punguzo la dola milioni 14 ambalo Uingereza ilipewa katika makombora ya Polaris kama sehemu ya mapatano na Marekani juu ya kisiwa hicho halikuelezwa Bungeni. Mtu anaweza kusema, hapo ndipo unapoona swali la Bunge lilivyo silaha butu, kwa kuwa serikali iliyoamua kudanganya hudanganya tu. Mimi nauona mfano huu tofauti. Kobe walikuwa na mtu aliyeuliza swali la kumi baada ya kujibiwa la tisa. Wachagos, kwa miaka ile iliyokuwa na maana, hawakuwa na mtu wa namna hiyo aliyelifuata neno “vibarua” mpaka kwenye mzizi wake kwa kuuliza wangapi walizaliwa hapo, lini, na vitabu vya ubatizo vinasema nini. Na hata hivyo maneno yaliyoandikwa hayakupotea. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya London ilipowapa ushindi Wachagos juu ya kufukuzwa kwao, nyaraka za ndani za Serikali, zilizoandikwa na maofisa walewale, ndizo zilizokuwa mezani.

Ushahidi mzito zaidi unatoka katika kashfa ya silaha za Iraki. Iraki na Iran zilipigana kuanzia 1980 hadi 1988. Uingereza ilijiwekea miongozo ya mauzo ya silaha mwishoni mwa 1984, ikakaa nayo kimya, na umma ukaijua Oktoba 1985 kwa njia ya jibu la Bunge, pale Waziri wa Mambo ya Nje Geoffrey Howe alipoitaja. Jibu hilo likawa kipimo. Desemba 1988, vita vikiwa vimekwisha, mawaziri wadogo watatu kutoka wizara za mambo ya nje, biashara na ulinzi walikubaliana kuilegeza miongozo kwa faida ya Iraki, na Bunge halikuambiwa. Wabunge walipouliza mwaka 1989 na baada yake kama sera imebadilika, walijibiwa, kwa barua na kwa majibu rasmi, kwamba miongozo iko palepale. Mambo yakaendelea hivyo mpaka Novemba 1992, wakati kesi ya wakurugenzi wa kiwanda cha Matrix Churchill cha Coventry, walioshitakiwa kwa kuiuzia Iraki mashine kinyume cha sheria, ilipovunjika mahakamani. Mawaziri walikuwa wametia saini hati za kuzuia nyaraka za Serikali zisifike kwa upande wa utetezi. Hakimu aliamuru nyingi zitolewe, na ushahidi wa Alan Clark, mmoja wa wale mawaziri watatu, ukamaliza kilichobaki.

Jaji Richard Scott alipewa kazi ya kuchunguza, na ripoti yake ya Februari 1996 ilikuwa na mabuku matano. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha, na ndiyo iliyonifanya niitaje hapa. Scott alichukua majibu ya Bunge moja moja, akauliza nani aliandika rasimu, nani aliisahihisha, maneno gani yalifutwa na kwa nini, kisha akayalinganisha na kile wizara ilichokijua siku ileile. Hitimisho lake lilikuwa kwamba Bunge halikuelezwa hali halisi ya sera, na kwamba kutoelezwa huko kulikuwa kwa makusudi, ingawa hakumtia waziri hatiani kwa nia mbaya. Serikali ya John Major ilinusurika katika kura ya Bunge kwa tofauti ya kura moja, 320 kwa 319. Mwezi Machi 1997, Bunge lenyewe, siyo Serikali, likapitisha azimio kwamba waziri lazima atoe taarifa sahihi na za kweli, asahihishe kosa mapema iwezekanavyo, na akilipotosha Bunge kwa kujua anatarajiwa kujiuzulu. Lingekuwa jambo la mdomo tu, la waziri kubabaika akijibu swali la ghafla, Scott asingekuwa na cha kupima. Majibu ya kukwepa, yaliyotungwa kwa ustadi ili yasiseme kitu, yaligeuka kuwa ushahidi dhidi ya walioyatunga, kwa sababu yalikuwa yameandikwa, yana tarehe, na kuna mtu aliyeyarudia.

Kwetu mambo yaliwahi kwenda kinyume kabisa. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alitaka Bunge lichunguze mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ambao Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alikuwa ameutia saini London. Bunge lilimsimamisha mwuliza swali hadi Januari 2008 kwa madai kwamba amesema uongo juu ya waziri. Kabla adhabu haijaisha, Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuupitia upya mfumo wa sekta ya madini, na miongoni mwa wajumbe wake akamweka Zitto. Kilichoharibu mjadala ule ndani ya ukumbi, kwa maoni yangu, ni kwamba ulikuwa neno dhidi ya neno: mbunge amesema, waziri amesema, na mkataba wenyewe hauko mezani. Katika ugomvi wa namna hiyo mwenye wingi wa kura ndiye anayeamua nani mkweli. Maswali makavu ya maandishi, yaani mkataba umesainiwa tarehe ngapi, mji gani, nani shahidi, Baraza la Mawaziri lilijulishwa lini, hayamwachii mtu nafasi ya kukasirika kwa niaba ya heshima yake. Yanamwachia kujibu au kukataa kujibu, na kukataa nako kunaandikwa.

Atakayenipinga ataanza na gharama. Kila swali humtoa afisa kwenye kazi yake, humfungulisha majalada, humpigisha simu mkoani na wilayani, na yote hayo pengine kwa ajili ya mbunge anayetaka jina lake litajwe redioni kwao. Hoja hii si ya kupuuzwa, na Waingereza wameijibu kwa njia ya kikarani: wizara inaruhusiwa kukataa swali ambalo jibu lake lingegharimu zaidi ya pauni 850. Kikomo hicho chenyewe kimekuwa kichaka cha kujificha mara nyingine. Lakini gharama ya kujibu ipimwe na gharama ya kutojibu. Wizara isiyoweza kusema ndani ya wiki mbili ni visima vingapi kati ya vilivyochimbwa vinatoa maji ina tatizo ambalo halikuletwa na mbunge. Mbunge amelifichua tu. Na kuna faida isiyoonekana katika jibu lenyewe. Swali linaposhuka kutoka kwa Katibu Mkuu hadi mkurugenzi, kutoka kwa mkurugenzi hadi mhandisi wa wilaya, mtu fulani hulazimika kwenda kuhesabu. Mara nyingi hiyo ndiyo siku ya kwanza visima vile kuhesabiwa.

Wengine watasema kazi hiyo tayari inafanywa na Kamati ya Hesabu za Serikali pamoja na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na kwamba mwananchi mwenyewe sasa ana Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Ukaguzi hutazama fedha ambazo zimekwisha kutumika, na huja baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Swali huweza kuulizwa wakati mkandarasi bado yuko eneo la kazi. Ama mwananchi anayeomba taarifa, ofisi ikimnyima ana safari ndefu ya rufaa mbele yake, ilhali waziri anayemnyima mbunge anaonekana na Bunge zima. Vyombo hivi husaidiana. Katika Uingereza, ambako sheria ya taarifa ilianza kutumika Januari 2005, maswali ya Bunge hayakupungua umuhimu, na waandishi wa habari hujua kuanza na jibu la mbunge ndipo waombe barua na mihtasari iliyo nyuma yake.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni la rushwa, maana hapo chombo chenyewe hugeuka bidhaa. Mwaka 1994 gazeti la The Guardian liliwashutumu wabunge wawili wa Conservative kwamba walipokea malipo kutoka kwa Mohamed Al-Fayed, mmiliki wa duka la Harrods, ili waulize maswali kwa faida yake. India ilikumbwa na balaa hilo kwa ukubwa zaidi: Desemba 2005 wabunge 11 walifukuzwa baada ya kamera za siri kuwanasa wakikubali fedha ili waulize maswali. Anayetaka kufuta maswali kwa sababu hiyo, hata hivyo, asisahau jambo moja. Hakuna anayenunua kitu kisicho na thamani. Wafanyabiashara walilipa kwa sababu walijua swali lililoandikwa huitikisa wizara kuliko hotuba ya nusu saa. Na wizi huo huacha nyayo. Orodha ya maswali ya mbunge ikiwekwa kando ya orodha ya maslahi yake, mtoto wa sekondari anaweza kuuona uhusiano.

Majirani zetu wa Kenya wamepita njia yao, na inafundisha. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri Bungeni: Ibara ya 152 inakataza waziri kuwa mbunge, na Ibara ya 153 inamtaka afike mbele ya kamati anapoitwa na ajibu swali lolote linalohusu kazi yake. Baada ya uchaguzi wa 2013 mbunge aliyetaka kujua kitu aliomba taarifa kupitia mwenyekiti wa kamati, naye mwenyekiti akawa kama Naibu Waziri asiye na wizara, akisoma karatasi aliyoletewa bila uwezo wa kuitetea wala kuongeza neno. Wabunge walilalamika, kanuni zikabadilishwa zaidi ya mara moja, na tangu 2023 mawaziri wamekuwa wakifika katika kumbi za Bunge la Taifa na Seneti kujibu wenyewe. Kamera zimefuata, na msisimko wake unaeleweka. Ila msisimko wa waziri kuhojiwa uso kwa uso usije ukaifanya karatasi ionekane ya pili. Waziri hodari wa maneno hushinda mchana ule, na watazamaji huenda zao wakimsifu kwa ujasiri. Watanzania tunajua pia kwamba kamera si ya kutegemewa: Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitaendelea kurusha moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, sababu ikatajwa kuwa gharama. Hansard haina swichi ya namna hiyo.

Umebaki upande wa muulizaji, ambaye kwetu hulaumiwa kidogo mno. Fungua Hansard ya mkutano wowote na uone ni maswali mangapi yanaanza na “Je, ni lini Serikali” au “Je, Serikali ina mpango gani”. Maswali haya yanaomba ahadi, na anayeomba ahadi hupewa ahadi. Jibu lake limekwisha kuandikwa kabla swali halijafika wizarani: fedha zitakapopatikana. Tofautisha na swali linalotaka kujua kiasi gani kiliidhinishwa na Bunge kwa ajili ya barabara hiyo katika kila mwaka wa fedha kwa miaka mitano, kiasi gani Hazina ilitoa kweli, mkandarasi amewasilisha hati ngapi za madai, ngapi zimelipwa, na riba ya ucheleweshaji imefikia shilingi ngapi. Hapo hakuna pa kuweka maneno “kulingana na upatikanaji wa fedha”, kwa sababu upatikanaji wenyewe ndio unaoulizwa. Swali la namna hii halifai kusomwa ukumbini, lina jedwali. Linafaa kuandikwa na kujibiwa kwa maandishi. Halimdhalilishi waziri wala kumtuhumu mtu, kwa hiyo hata mbunge wa chama tawala, katika Bunge ambalo chama kimoja kina karibu viti vyote, anaweza kuliuliza bila kuitwa msaliti. Dalyell aliuliza akiwa amekaa upande wa Serikali.

Na jibu likishatolewa, nani alirudie? India ililiona pengo hili mapema. Mwaka 1953 bunge lake la chini liliunda Kamati ya Ahadi za Serikali, ambayo huokota kila neno la waziri lenye sura ya ahadi, kama “tutaangalia”, “suala liko katika hatua za mwisho”, “taarifa italetwa”, huliandikisha, na kuipa wizara miezi mitatu ya kulitekeleza au kuomba muda zaidi kwa sababu zinazoeleweka. Uganda nayo ina kamati ya namna hiyo. Sisi hatuhitaji kwenda Delhi wala Kampala kujifunza, kwa sababu mtindo wenyewe umo nchini. Katika ripoti zake, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huonyesha mapendekezo ya miaka iliyopita yamefikia wapi: yaliyotekelezwa, yanayoendelea kutekelezwa, yasiyotekelezwa, na yaliyopitwa na wakati. Ofisi ya Katibu wa Bunge ingeweza kutengeneza daftari kama hilo la majibu ya mawaziri, kuanzia na mkutano mmoja wa bajeti, na kulitoa hadharani kabla ya mkutano wa bajeti unaofuata. Ubishi mkubwa utakuwa kwenye safu ya mwisho. Kila wizara itataka ahadi zake ngumu zihesabiwe kuwa zimepitwa na wakati, na kwa sababu hiyo neno la kuamua ipi imepitwa na ipi imekwepwa lisiachwe wizarani; libaki kwa kamati, na mbunge aliyeuliza aitwe kusikilizwa kabla mstari wake haujafutwa.